Sahani mbili, fungu moja: kisa cha mnada wa Ufaransa kilichofunguliwa Kamalondo, Lubumbashi

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa nane mchana. Mezani kulikuwa na karatasi za magazeti zilizotoka katika furushi, vipande vya sponji, na sahani mbili zilizosafiri kutoka Lille hadi Lubumbashi kupitia Addis Ababa ndani ya mkoba wa mkononi. Yaya, kama tunavyomwita hapa mtu aliyetutangulia kwa umri, alikuwa ameishika ya pili, uso chini mgongo juu. Alipitisha kidole gumba juu ya kitako, akauzunguka mduara mzima, akarudia mara nyingine polepole zaidi. Halafu akanipa.

"Mdogo," akasema, "hii haiko ya China."

Nimemwomba ruhusa kukiandika kisa chote, pamoja na hesabu zake, kwa sababu wanaokusanya kauri kongwe hapa mjini ni wachache na wote tunanunua kwa njia moja: kwenye simu, katika mnada wa mbali, kwa macho peke yake. Lililomfika yeye linaweza kumfika yeyote kati yetu wiki ijayo.

Kwanza mtu mwenyewe. Yaya ni mkemia mstaafu. Miaka yake mingi ya kazi aliitumia katika viwanda vya Shituru, kule Likasi, upande wa kobalti, na kobalti ndiyo iliyomwingiza katika kauri. Buluu ya sahani za Kichina ni kobalti: inasagwa, inachorwa juu ya udongo ambao bado haujachomwa, inafunikwa na ngozi ya kioo, kisha vyote vinaingia tanurini pamoja kwenye joto la karibu nyuzi 1300. Rangi nyingi huungua hapo. Kobalti inabaki. Zamani Wachina waliagiza kobalti nzuri kutoka Uajemi, baadaye wakatumia ya migodi yao wenyewe. Ya kwetu Katanga ilianza kutoka ardhini kwa wingi katika karne ya 20 tu, kwa hiyo haimo katika sahani hizo kongwe. Hata hivyo, mtu aliyeshinda maisha yake akiitenga kobalti na shaba hawezi kuitazama buluu ile kama unavyoitazama wewe au mimi.

Kitu cha pili kilichomfundisha ni sahani ya mama yake. Baba yake alikuwa mpishi katika nyumba ya mhandisi mmoja wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi ya Katanga, enzi mji huu ukiitwa Elisabethville. Julai 1960 Wazungu wengi waliondoka mbio kuelekea Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na bibi wa nyumba akamwachia mpishi sahani kubwa ya buluu na nyeupe. Mama akaitumia kupakulia samaki wa ziwa Moero siku za Jumapili. Yaya aliiosha tangu akiwa mtoto, na kitako chake anakijua kwa vidole: kikavu kidogo, kinakwaruza, kina chembe ya mchanga iliyoyeyukia upande mmoja, na pale kioo kinapokoma kuna mstari mwembamba wa rangi ya kutu.

Ukumbuke kitako hicho. Kisa kizima kinazunguka hapo.

Fungu lenyewe, yaani sahani hizo mbili zilizouzwa pamoja kama kitu kimoja, lilitoka katika mnada wa mji mmoja wa kaskazini mwa Ufaransa. Katalogi iliandika: "Chine, Compagnie des Indes, XVIIIe siècle" (China, Kampuni ya Indies, karne ya 18), jozi ya sahani zenye nembo ya ukoo, rangi za waridi na dhahabu, mapengo madogo na kuchakaa. Makadirio yalikuwa euro 200 hadi 300 kwa zote mbili. Picha zilikuwa tatu: sahani mbili zimesimama bega kwa bega, nembo imesogezwa karibu, na mgongo wa sahani moja.

Maneno "Compagnie des Indes" yamezoeleka kwa wauzaji wa Kifaransa na Kibelgiji, lakini hayakuambii ni kampuni gani iliyobeba mzigo. Ni jina la jumla la kauri ya China iliyotengenezwa kwa ajili ya Wazungu. Waholanzi walikuwa na kampuni yao tangu 1602, na Waingereza na Wafaransa walikuwa na zao. Hata Ostend, iliyo Ubelgiji ya leo, ilikuwa na kampuni iliyopewa hati mwaka 1722, ikasimamishwa 1727 na kufutwa 1731. Ndiyo maana vyombo hivi ni vingi katika nyumba za zamani za pande zile.

Sahani ya nembo ilikuwa kazi ya kuagizwa. Ukoo wa Ulaya ulitoa mchoro wa nembo yake, mfanyabiashara akaupeleka Guangzhou. Sahani nyeupe zilifinyangwa na kuchomwa Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi, zikasafirishwa kwa mito na kwa mabega ya watu kuvuka milima hadi Guangzhou. Huko wachoraji walipaka enameli, yaani rangi za kioo, juu ya kioo kilichokwisha kuchomwa, kisha zikarudi katika tanuri dogo la joto la chini. Waridi ile inatokana na dhahabu iliyosagika kupita kiasi cha jicho kuiona. Yaya alinieleza jambo hilo kwa furaha ya mkemia, kwamba sahani moja imebeba dhahabu mara mbili, iliyo wazi ukingoni na iliyofichwa katika rangi ya waridi. Mwisho meli zilingoja pepo za msimu, kama majahazi ya pwani yetu ya Waswahili yalivyongoja kaskazi na kusi. Aliyeagiza angeweza kukaa miaka miwili kabla ya kula katika sahani zake.

(Na tukitaja pwani: neno kauri tunalolitumia kwa vyombo hivi ndilo jina la yale makombe madogo yanayong'aa, na Waitalia nao waliita vyombo hivi porcellana kutokana na kombe hilohilo. Huenda watu wawili wa mbali waliona mng'ao mmoja. Huko Gedi na Kilwa bakuli za Kichina zimechimbuliwa katika magofu, na Kunduchi zilipachikwa katika nguzo za makaburi.)

Siku ya mnada yaya alijiwekea kikomo cha euro 300. Umeme ulikatika fungu likikaribia, akahamia kwenye simu. Dalali alianzia 150. Waliokuwa ukumbini walinyamaza walipofika 260, akabaki yeye na mtu mmoja wa kwenye simu nyingine. Kutoka 300 hadi 420 hazikupita sekunde arobaini. Nyundo ikagonga kwake.

Nilimuuliza baadaye ni nini kilichomvusha kikomo. Alijibu bila kujitetea: ile sahani ya kulia katika picha. Ilikuwa safi mno, dhahabu yake nzima, simba wa nembo amesimama imara. Ya kushoto ilikuwa imechoka, na alisema moyoni kwamba ya kulia itaibeba.

Ya kulia ndiyo iliyokuwa mikononi mwake jioni ile.

Tulizilaza zote mbili uso chini, sahani ya mama yake katikati kama shahidi, nikamulika kwa tochi kutoka ubavuni, mwanga ukiteleza juu ya meza. Ile iliyochoka ilikuwa ndugu wa sahani ya mama. Kitako chake hakikupakwa kioo, na kwenye mpaka kulikuwa na mstari wa kutu, chuma kilichomo katika udongo kikiwa kimeshika hewa tanuri lilipokuwa linapoa. Kulikuwa na vitundu kama vya ncha ya sindano. Kioo cha mgongoni kilikuwa na weupe wa maji ya mchele, ulioingiwa na buluu kidogo, na mwanga ulipokilalia uso wake ulionekana una mawimbi madogo kama ganda la chungwa. Tuliigeuza. Katikati kulikuwa na mikwaruzo ya visu, mingine mirefu, mingine mifupi, inayokatana kila upande, kama inavyokuwa kwenye sahani iliyoliwa na watu wengi kwa miaka mingi. Mikuki midogo ya dhahabu ukingoni ilikuwa imefutika kwa zamu. Kuzunguka buluu ya ngao kulikuwa na kivuli cha upinde wa mvua, kama mafuta ya gari juu ya dimbwi. Hakionekani ukiitazama wima, uiinamishe ndipo kinakuja. Na simba! Mchoraji wa Guangzhou hakuwahi kuona simba wa nembo za Ulaya. Alichora mnyama mwenye uso wa mbwa na manyoya ya mawingu, kama wale wanaolinda milango ya kwao.

Ya pili ilikuwa na simba sahihi, ulimi umetoka, makucha yamehesabika. Dhahabu yake ilikuwa imejaa kote. Hapakuwa na mkwaruzo wa kisu hata mmoja. Kioo kilikuwa na ukijivu uleule kutoka ukingo hadi ukingo, laini, bila wimbi, kana kwamba mtu aliuchanganya ukijivu huo makusudi ili ufanane. Kitako kilikuwa cheupe kama jino, kimesuguliwa. Tulizipima kwa mizani ya jirani anayeoka mikate: gramu 391 na gramu 448, ilhali upana unatofautiana milimita tatu tu. Karibu na katikati ya mgongo kulikuwa na doa lisilong'aa, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Ukilipitishia kidole, linashika.

Doa lile ndilo lililotuonyesha njia. Paris, mwaka 1845, Edmé Samson alifungua karakana iliyoanza kwa kutengeneza sahani za kujaza mapengo ya seti: umevunjikiwa na moja kati ya kumi na mbili, unampelekea nyingine kama mfano, anakutengenezea ya tatu. Baadaye karakana hiyo iliiga karibu kila aina ya kauri iliyopendwa, na sahani za nembo za Kichina zikiwemo. Nyingi ziliwekwa alama ya karakana. Wauzaji wa baadaye walizikwangua alama hizo. Kwa maoni yangu sahani ya pili ilizaliwa kwa nia safi, katika nyumba ambayo mtumishi alivunja moja na bwana akataka meza itimie. Uongo uliingia siku mtu aliposugua doa lile. Na uvivu uliingia siku ya katalogi, pale mtu alipogeuza moja tu na kuandikia mbili.

Jioni hiyohiyo yaya alitaka kumaliza ukaguzi. Tulikwenda kwa kijana anayebadilisha dola karibu na kituo cha mabasi, akatuazima taa yake ndogo ya zambarau, ile ya kukagulia noti. Chini ya taa hiyo ukarabati wa rangi mpya huwaka tofauti na kioo cha tanuri. Sahani ya uongo haikuwaka popote. Ya kweli iliwaka ukingoni, kipande cha urefu wa ukucha: palikuwa na pengo, likajazwa na kupakwa rangi. Kwa hiyo ile ya China ndiyo iliyovunjika, na ile nzima ndiyo ya Paris. Kijana wa dola alituangalia tulivyonyamaza, akauliza kama kuna mtu amefiwa.

Kijana huyo alinipa somo bila kujua. Hapa Lubumbashi noti ya dola yenye mpasuko wa milimita mbili hatuipokei. Tunaigeuza, tunaiinua kwenye mwanga, tunaipapasa maandishi, na akili zetu zinakubali kwamba noti ina pande mbili. Tena hiyo ni noti ya dola kumi. Kwenye sahani za mamia tukakubali upande mmoja na nusu.

Kosa la kwanza, basi, ni picha ya nne ambayo hakuiomba. Nyumba za mnada huulizwa maswali kama hayo kila siku, na kwa kawaida hujibu. Barua fupi ingetosha: naomba mgongo wa kila sahani, kitako kikiwa kimesogezwa karibu, naomba picha moja yenye mwanga wa kulala, naomba uzito wa kila moja kwa gramu, je, kuna sehemu iliyokarabatiwa? Maswali haya hayahitaji utaalamu. Yanaomba tu vile ambavyo mkono ungejua wenyewe kama ungekuwapo. Yaya alikuwa na mkono wenye ujuzi wa miaka sitini, ameuacha nyumbani kwa sababu mnada wa kwenye simu hauuhitaji. Hilo ndilo linaloniuma katika kisa hiki, kuliko fedha. Angekuwa hajui, ningesema ajifunze. Alikuwa anajua.

Kosa la pili nalihesabu kuwa kubwa zaidi, ingawa yeye hakubaliani nami. Sahani zilichukuliwa na mpwa wake anayeishi Lille, zikakaa kwake miezi minne zikingoja msafiri. Binti hakulifungua furushi, kwa adabu: "Mjomba, niliogopa nitavunja." Angeombwa tu azigeuze palepale mezani pa mnada na apitishe kidole, angeona kitako kimoja kina kutu na kingine ni cheupe, hata kama hajawahi kugusa kauri maishani mwake. Kutofautiana kwa jozi ni jambo ambalo mtoto huliona. Na hapo sahani zingekuwa bado Ufaransa.

Umbali huo ndio ulioamua mwisho wa shauri. Sheria ilikuwa upande wake. Ufaransa ina amri ya tarehe 3 Machi 1981 kuhusu maneno ya katalogi: ukitaja karne au enzi bila kuweka shaka, unadhamini kwamba kitu kilitengenezwa kipindi hicho. Ukiandika "goût" (ladha ya) au "style" (mtindo wa) hudhamini kitu. Katalogi yetu ilisema karne ya 18, kwa jozi. Na mnunuzi ana miaka mitano tangu siku ya mnada kuidai nyumba iliyouza. Mpwa aliandika barua, akaambatanisha picha kumi na moja tulizopiga mchana, dirishani. Majibu yalichukua wiki tatu. Mtaalamu wao alikubali kwamba ya pili ni ya Paris, karne ya 19, kazi ya Samson, wakaleta mapendekezo mawili: arudishe zote mbili, mauzo yafutwe, au abaki nazo, arudishiwe theluthi.

Hesabu ilikuwa hivi. Nyundo, yaani bei iliyofungia mnada, euro 420. Malipo ya mnunuzi, yaani ada anayoilipa nyumba ya mnada, asilimia 28, ni 117.60. Mtandao wa kuwekea dau, asilimia 3, ni 12.60. Jumla 550.20, bila kuhesabu zawadi ya aliyebeba. Theluthi waliyoitoa ilikuwa ya nyundo na asilimia 28, yaani 179.20. Akibaki nazo, amelipa euro 371 kwa sahani moja ya China yenye ukingo uliokarabatiwa na nyingine ya Paris isiyo na alama. Makadirio yao wenyewe kwa jozi yalikuwa 200 hadi 300.

Nilimwambia azirudishe. Fungu ni kitu kimoja. Huwezi kurudisha nusu yake, na jozi iliyovunjika haina bei ya jozi. Tulibishana kwa siku mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainua ile iliyochoka. "Nikirudisha hii itaondoka pamoja na mwenzake. Mwaka 1750 mtu alimchora simba ambaye hajawahi kumuona. Nitampata wapi tena?" Aliogopa pia safari: furushi lipite tena mikono mingi hadi Lille, na bima ya chombo cha kale kutoka hapa ni shida kuipata kwa bei ya maana. Hoja ya safari ina uzito. Hoja ya simba sikuweza kuijibu, na hadi leo nadhani alilipa ghali kwa ajili yake. Alichukua theluthi.

Tangu siku hiyo ameshiriki minada mingine mitatu. Kabla ya kila mmoja ametuma barua yenye maswali yale manne, kwa Kifaransa cha mkemia, mistari sita. Nyumba moja haikujibu, akaliacha fungu lipite bila kuweka dau, ingawa lilikuwa bakuli la buluu alilolitamani. Nyumba nyingine ilijibu kwa picha tisa.

Sahani zote tatu ziko sebuleni kwake, Kamalondo, kwenye rafu iliyo juu ya redio. Ya mama yake imeangalia mbele. Zile mbili amezisimamisha zikiwa zimegeuzwa, migongo kwa wageni, na tochi imelala kando yake.